Barua ya wazi kwa Tume ya Huduma za Umma ya Pennsylvania: kimya cha mteja kisihesabiwe ridhaa

Lancaster, Pennsylvania

Kwa Waheshimiwa Makamishna,
Tume ya Huduma za Umma ya Pennsylvania,
Harrisburg.

YAH: MIKATABA YA UMEME NA GESI INAYOUZWA MLANGONI KWA WATU WASIOJUA KIINGEREZA

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima, tunaleta kwenu hadharani jambo lililoshindikana faraghani. Sisi ni wazungumzaji wa Kiswahili tunaowasomea majirani bili zao za umeme na gesi, pamoja na mikataba inayoambatana nazo. Wengi wao walitoka Kongo, wakapitia kambi za Nyarugusu mkoani Kigoma au Kakuma kule Turkana, wakapokewa hapa Pennsylvania. Tukikuta mkataba uliouzwa mlangoni kwa mtu ambaye hakuelewa alichouziwa, huanza na muuzaji mwenyewe: tunapiga simu, tunaandika barua. Jibu huwa ni lile lile kila mara. Tunayo sauti ya mteja akisema "yes". Na mkataba wake ulipokaribia kwisha tulimwandikia mara mbili, hakujibu.

Barua hii inahusu majibu hayo mawili. La kwanza linafanya "yes" ya adabu kuwa saini. La pili linafanya kimya kuwa saini ya pili.

Hatupingi haki ya mteja kuchagua. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua soko la umeme katika jimbo hili na ya 1999 ikafungua la gesi, na wapo wanaonufaika. Mtu anayejua kusoma mkataba anaweza kupata bei iliyo chini ya ile ya kampuni ya eneo yenye nyaya, akaishika miezi 12, akatoka salama. Tunaomba tu kwamba anayechagua awe kweli amechagua.

Barua itasomwa na wengine pia, kwa hiyo tueleze kwanza bili ilivyo. Ina sehemu mbili. Ya kwanza ni usafirishaji: nguzo, nyaya, mita, fundi anayekuja dhoruba ikipita. Hiyo ni ya kampuni ya eneo, kwa hapa Lancaster PPL upande wa umeme na UGI upande wa gesi, na haihamishiki. Ya pili ni bidhaa yenyewe, umeme au gesi uliyotumia. Hiyo ndiyo inayoweza kununuliwa kwa muuzaji huru. Usiponunua kwake, kampuni ya eneo inakuuzia kwa bei ya huduma ya msingi, nayo huandikwa kwenye bili kama "Price to Compare", yaani bei ya kulinganishia. Kwa umeme wa PPL bei hiyo hubadilika tarehe 1 Juni na 1 Desemba. Kwa gesi hubadilika mara nyingi zaidi ndani ya mwaka. Muuzaji yeyote anayebisha hodi anashindana na namba hiyo moja. Mteja asipoijua, hana cha kulinganishia.

Sasa hoja zetu.

1. Anayebisha hodi huchukuliwa kuwa mtu wa serikali.

Huko walikotoka watu hawa, umeme ni wa shirika moja: TANESCO Tanzania, Kenya Power Kenya, SNEL Kongo. Mtu mwenye kitambulisho kifuani akifika na kuulizia umeme, ni msoma mita au amekuja kukata. Hujadiliani naye, unamwonyesha karatasi. Na wengine walikaa kambini miaka 15 au 20 bila bili ya umeme kuwafikia hata siku moja. Kwa hiyo wakala anaposimama mlangoni na kusema "nionyeshe bili yako ya PPL, nakuja kukupunguzia", bili inatolewa hapo hapo. Kwenye bili pana namba ya akaunti, na hiyo ndiyo anayoihitaji kukuhamisha.

Kanuni zenu zinajua hatari hii. Sura ya 111 inamtaka wakala avae kitambulisho chenye picha na jina la muuzaji, aseme mapema kwamba hafanyi kazi kwa kampuni ya umeme ya eneo, na asiuze mlangoni baada ya saa 1 usiku kati ya Oktoba na Machi, au saa 2 usiku kati ya Aprili na Septemba. Inasema pia kwamba Kiingereza cha mteja kikiwa hakitoshi, wakala atafute mwenzake anayejua lugha ya mteja au aondoke, na mkalimani anaruhusiwa.

Ni kanuni nzuri. Kasoro yake ni kwamba hakimu wa kama Kiingereza kinatosha ni wakala yule yule anayelipwa kamisheni kwa kila jina analopeleka. Akisema hakitoshi, anapoteza mteja na pesa. Akisema kinatosha, nani atambishia? Aliye ndani haelewi kinachosemwa, na mara nyingi anayetafsiri ni mtoto wa miaka 11 aliyetoka shule. Mtoto anajua neno "electricity". "Variable rate", yaani bei inayobadilika, hajawahi kulisikia kwa lugha yoyote.

2. Simu ya uthibitisho hairekodi uelewa.

Mauzo ya mlangoni huthibitishwa kando, mara nyingi na mtu wa tatu, kwa kawaida kwa simu inayorekodiwa. Wakala anatakiwa atoke ndani kabla ya simu kuanza, isipokuwa mteja mwenyewe amesema anaweza kubaki karibu. Tumesikiliza mwendo wa simu hizi kwa makini, kwa sababu ndizo wauzaji wanazotuonyesha kama ushahidi. Sauti inasoma maswali haraka, moja baada ya jingine: wewe ndiye mwenye akaunti? Una miaka 18 au zaidi? Unaelewa kwamba muuzaji huyu si kampuni yako ya umeme? Unaelewa kwamba bei baada ya kipindi cha kwanza inaweza kupanda? Kila swali linamalizikia kwa jibu la neno moja.

Waheshimiwa, anayezungumza Kiswahili husema "ndiyo", "eeh", "sawa" wakati wote mwenzake anapoongea. Ni adabu ya kumwonyesha kwamba unamsikiliza. Akihamia Kiingereza, adabu hiyo inakuwa "yes, yes, okay". Anaweza kuitikia maswali 12 mfululizo bila kuelewa hata moja, na asione kwamba ameahidi kitu. Tena wakala huwa amekwisha kumwelekeza: watakupigia, wewe jibu "yes" kote, ukisema "no" punguzo linapotea.

Rekodi ya namna hiyo inathibitisha jambo moja tu, kwamba mtu aliitikia. Lingekuwepo swali moja tu la kueleza, mathalani "niambie kwa maneno yako, utalipa senti ngapi kwa uniti na mpaka mwezi gani?", rekodi nyingi zingekatika hapo. Na hapo ndipo zinapostahili kukatika.

3. Bei inayotajwa siyo bei inayolipwa.

Hapa tutakuwa wafupi, maana ni hesabu. Baadhi ya mikataba ina ada ya kila mwezi juu ya bei ya uniti (kWh kwenye bili). Chukua ada ya dola 9.95: kwa chumba na sebule kinachotumia uniti 500, hiyo ni karibu senti 2 za ziada kwa kila uniti. Kwa nyumba ya uniti 2,000 ni nusu senti tu. Kwa hiyo ofa moja inamfaa mwenye nyumba kubwa na kumwumiza mwenye ndogo. Kanuni zinataka bei ya aina hiyo ionyeshwe kwa uniti 500, 1,000 na 2,000, lakini jedwali hilo hubaki kwenye karatasi. Mlangoni hakuna anayelisoma.

Kwenye gesi mtego ni kipimo. Kampuni moja hupima kwa Ccf, yaani futi za ujazo 100, na nyingine kwa Mcf, yaani futi za ujazo 1,000. Senti 65 kwa Ccf ni sawasawa na dola 6.50 kwa Mcf. Anayelinganisha namba bila kuangalia kipimo anaweza kudhani ameona bei ya chini mara kumi. Na aliyeuziwa umeme mara nyingi huuziwa na gesi kwa ziara hiyo hiyo: mikataba miwili, tarehe mbili za mwisho, na kumbukumbu moja tu ya yule kijana aliyekuja.

4. Mkataba unapokwisha, kimya cha mteja kinauzwa.

Hapa ndipo penye madhara makubwa, na tunaomba mtulie hapa.

Kabla mkataba wa bei isiyobadilika haujaisha, muuzaji hutakiwa kutuma taarifa mbili: ya kwanza siku 45 hadi 60 kabla ya mwisho, ya pili angalau siku 30 kabla. Mteja asipojibu, muuzaji anaweza kuendelea naye kwa mkataba wa mwezi kwa mwezi, au kumpa kipindi kipya cha bei maalumu (yaani isiyobadilika), ilimradi asimtoze ada akiamua kuondoka. Bei ya mwezi kwa mwezi inaweza kubadilika kila bili. Na kama haina kikomo, muuzaji anachotakiwa ni kusema tu kwamba haina kikomo.

Taarifa hizo zinafika kwa Kiingereza, kwenye bahasha inayofanana na matangazo ya bima na kadi za mkopo yanayojaa sandukuni kila siku. Familia nyingine imekwisha hamia ghorofa jingine. Bahasha inatupwa. Mwezi unaofuata bei inapanda, na hakuna anayeona, kwa sababu bili ya Januari huwa kubwa kila mwaka.

Tupige hesabu ya mfano. Nyumba ya kupanga yenye hita za umeme ukutani inaweza kula uniti 1,500 mwezi wa baridi kali. Bei ya kulinganishia ikiwa senti 12, umeme wenyewe ni dola 180. Bei iliyoteleza mpaka senti 19 inafanya dola 285. Tofauti ni dola 105 kwa mwezi mmoja, na hita ni zile zile, nyaya ni zile zile, umeme ni ule ule. Kwa anayefanya kazi ya kukata kuku kiwandani kwa malipo ya saa, hizo ni saa za kazi zilizopotea kwa sababu ya bahasha.

Jimbo hili lilikwisha kuliona jambo hili kwa ukubwa wake. Januari 2014 baridi kali ilipandisha bei za jumla katika gridi ya PJM, inayohudumia Pennsylvania na majimbo mengine, wauzaji waliokuwa wakinunua umeme wa papo kwa papo wakawatupia wateja wa bei inayobadilika mzigo huo, na malalamiko yakafika kwenu kwa maelfu. Mlichukua hatua: tangu mwisho wa mwaka huo mteja wa umeme anaweza kuhama ndani ya siku 3 za kazi badala ya kungoja mita isomwe. Tunawashukuru kwa hilo. Lakini mlango wa kutokea unamfaa anayejua kwamba yuko ndani.

Na sasa hatari imeongezeka. Bei ya uwezo wa mitambo, yaani malipo ya mitambo kukaa tayari kuzalisha umeme, katika mnada wa PJM ilitoka dola 28.92 kwa megawati kwa siku, kwa mwaka ulioanza Juni 2024, ikafika 269.92 kwa mwaka ulioanza Juni 2025. Bei za huduma ya msingi zikapanda. Mawakala wamepata neno la kweli la kuanzia nalo, "PPL wamepandisha", na neno la kweli mwanzoni hufanya yanayofuata yaaminike.

Katika ndoa za Waislamu wa pwani yetu, kimya cha mwari huhesabiwa ridhaa. Lakini hata hapo mwari huendewa na kuulizwa kwa lugha yake, mbele ya watu wake, na jina la bwana arusi na mahari hutajwa waziwazi. Hakuna kadhi anayefungisha ndoa kwa barua ya kigeni iliyotupwa sandukuni.

Tunajua majibu yatakayotolewa, kwa hiyo tuyajibu mapema.

Itasemwa kwamba Tume hutoa leseni kwa wauzaji huru lakini haiwapangii bei. Ni kweli, na hatuombi mpange bei. Namna ya kupata ridhaa imo mikononi mwenu, na mmeigusa mara nyingi.

Itasemwa kwamba mteja ana siku 3 za kazi za kughairi bila gharama tangu apokee masharti ya mkataba. Siku hizo huanza kuhesabiwa wakati karatasi imo mezani na hajapatikana wa kuisoma. Anayengoja Jumapili amwonyeshe mtu kanisani, siku zake zimekwisha.

Itasemwa kwamba wakalimani ni ghali. Huduma ya mkalimani kwa simu hulipiwa kwa dakika, na hospitali na shule za mji huu huitumia kwa Kiswahili kila siku. Biashara inayomudu kumlipa kijana atembee mlango kwa mlango inaweza kumudu dakika kumi za mkalimani.

Itasemwa kwamba kuwabana wauzaji kutaua soko. Connecticut ilizuia mikataba mipya ya bei inayobadilika kwa wateja wa majumbani tangu Oktoba 2015. New York, kwa amri ya Desemba 2019, iliwataka wauzaji wahakikishe nafuu ikilinganishwa na kampuni ya eneo, au watoe bei maalumu isiyozidi wastani wa bei ya kampuni hiyo wa miezi 12 kwa zaidi ya asilimia 5, au umeme wa nishati jadidifu. Maryland, mpakani mwetu kusini, ilipitisha sheria yake ya kuwabana wauzaji hao 2024. Huko Massachusetts, ripoti ya Mwanasheria Mkuu ya mwaka 2018 ilikuta wateja wa majumbani waliolipa wauzaji huru walilipa jumla ya dola milioni 176.8 zaidi katika miaka miwili kuliko kama wangebaki na kampuni zao, na kaya za kipato cha chini zilikuwa zimeandikishwa kwa kiwango kikubwa zaidi. Majimbo haya yamekwisha pima uzito wa jambo.

Tunachoomba ni haya:

1. Uthibitisho wa mauzo ya mlangoni uanze kwa mthibitishaji, wala si wakala, kumwuliza mteja anataka lugha gani. Uendelee kwa lugha hiyo mpaka mwisho, na uwe na angalau maswali mawili ya kueleza: bei kwa uniti, na tarehe ya mwisho. Asiyeweza kueleza asiandikishwe. Mtoto asikubaliwe kuwa mkalimani.

2. Mkataba wa bei maalumu ukiisha bila jibu la mteja, arudishwe moja kwa moja kwenye huduma ya msingi ya kampuni ya eneo. Hili ndilo ombi letu kubwa. Mkitoa moja tu kati ya haya, toeni hili.

3. Tarehe ya mwisho wa mkataba na bei ya muuzaji zichapwe kwenye bili kila mwezi, kando ya bei ya kulinganishia, kwa kipimo kimoja.

4. Wakala asilipwe kamisheni kabla mteja hajapokea bili ya pili. Kamisheni inayolipwa siku ya saini inamfundisha kukimbia.

5. Karatasi moja ya mauzo yenye namba nne tu kwa maandishi makubwa: bei yako ya sasa, bei yetu, ada ya mwezi, tarehe ya mwisho. Ipatikane kwa Kiswahili na lugha nyingine zinazosemwa katika jimbo, nanyi ndio muiandae, ili muuzaji asijitafsirie atakavyo.

Ikiwa lolote kati ya haya linahitaji sheria mpya, tunaomba mliseme hivyo kwa maandishi, ili tuwapelekee wabunge tukijua mpaka wa mamlaka yenu.

Wakati tunangoja, tunawaambia majirani hivi. Bili usiitoe mlangoni. Chukua bili ya mwezi huu, tafuta jina la anayekuuzia umeme. Kama si jina la kampuni ya nyaya, una muuzaji huru. Gawanya pesa ya sehemu yake kwa uniti ulizotumia, ada zote ndani, kisha linganisha na bei ya kulinganishia. Ikizidi, angalia kwanza kama mkataba una ada ya kuvunja, ndipo upige simu kampuni ya eneo uombe kurudi huduma ya msingi. Ukitaka kutafuta bei nyingine, tumia tovuti za Tume, PAPowerSwitch kwa umeme na PAGasSwitch kwa gesi, kwa wakati wako, mezani pako. Na kama ulihamishwa bila kukubali, hilo ni kosa. Piga simu ya Tume, 1-800-692-7380, uombe mkalimani wa Kiswahili kabla hujasema jambo jingine lolote.

Tunaomba majibu ya maandishi kwa kila ombi, namba kwa namba, na nafasi ya kuja Harrisburg kuzisikiliza rekodi mbili tatu pamoja nanyi, wenye sauti hizo wakiwa wameridhia na mkalimani akiwa chumbani.

Wenu kwa heshima,

Wasomaji wa bili, wazungumzaji wa Kiswahili wa Lancaster

Nakala: Ofisi ya Mtetezi wa Watumiaji, Harrisburg, Wabunge wa kaunti ya Lancaster katika Bunge la Pennsylvania